Vipele Baada ya Dawa: Jina Lake Ni Nani?

Katika vijiji vya Chitete, kama katika vijiji vingine vya Mkoa wa Songwe, ni nyumba chache zisizo na mabaki ya dawa. Yamefungwa katika kikaratasi na kuchomekwa mahali pa juu, watoto wasiyafikie. Mtoto akikohoa, mama hutoa vidonge vya rangi mbili vilivyosalia tangu baba alipougua, akampa. Siku ya saba mwili wa mtoto wachipuka vipele tangu kifuani hata miguuni. Hapo maneno huanza. Bibi husema ni surua. Jirani husema ni jicho la mtu. Na tabibu akiuliza, "Alikula dawa gani?" hakuna ajibuye, kwa maana kikaratasi hakina jina. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jina hilo.

Dawa za kuua vijidudu, yaani viuavijasumu, ni neema kubwa. Tangu Alexander Fleming alipoigundua penisilini mjini London mwaka 1928, watu wasiohesabika wameponywa vichomi na vidonda vilivyowaua babu zetu. Lakini iko miili inayozikataa, nayo huzikataa kwa namna mbalimbali. Pengine mabaka yenye kuwasha huinuka upesi, kabla ya saa moja kupita, midomo ikavimba na pumzi ikabana: huyo akimbizwe zahanati mara hiyo, usiku au mchana. Pengine vipele vidogo hutokea baada ya siku nne hata kumi na nne. Hivyo kwa kawaida hupoa, lakini tabibu aulizwe kabla ya kumeza tena. Namna ya tatu ni adimu, nayo ndiyo ya kuogopwa: homa, vidonda kinywani, macho kuiva, na ngozi kuchubuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Vitabu vingi vyasema tutazame wekundu. Viliandikwa kwa ngozi nyeupe. Juu ya ngozi yetu vipele huweza kuonekana vyeusi tu, basi tupapase kwa kiganja, tena tutazame midomo na macho.

Afrika Mashariki imekwisha kufundishwa jambo hili kwa machozi. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kifua kikuu walipewa thiasetazoni, dawa ya bei ndogo. Ulipokuja Ukimwi, waganga wa Nairobi waliona ngozi za wagonjwa zikiharibika, na katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1991 yapata mmoja katika kila watano wenye virusi vya Ukimwi alipatwa na madhara ya ngozi, hali kwa wasio na virusi alikuwa kama mmoja katika mia. Wengine walikufa. Dawa hiyo ikakatazwa kwa wenye virusi. 

Tena dawa zina koo, kama watu. Aliyekataliwa na amoksisilini asidhani ampisilini ni mgeni kwake, wala sindano ya penisilini. Ni ndugu wa ukoo mmoja. Septrini ni ya ukoo wa salfa, na katika SP, ambayo wengi huiita Fansida, imo salfa pia. SP ilikuwa dawa yetu ya kwanza ya malaria toka mwaka 2001 hata 2006 ilipopokewa na dawa mseto, na hata leo akina mama wajawazito hupewa kliniki ili kuzuia malaria. Basi mama aliyewahi kutoka vipele kwa Septrini na amwambie mkunga kabla hajapokea vidonge vile.

Liko jambo moja ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Septrini, na dawa nyingine kadhaa, humtia mtu doa jeusi lenye kuwasha au kuchoma, na kila anywapo dawa ile ile doa hurudi pale pale. Mara nyingi mahali penyewe ni mdomo, au sehemu za siri. Mke akiliona kwa mumewe, au mume kwa mkewe, dhana ya kwanza ni ugonjwa wa zinaa. Huanza ugomvi, mashahidi huitwa, na mwenye doa huenda dukani kwa siri kununua dawa ya kuliponya, pengine ile ile iliyolileta! Ndoa isivunjwe kabla ya kuuliza swali moja: juma hili ulimeza nini? Tabibu apime, maana zinaa nayo ipo. Lakini apewe jina la dawa.

Hata hivyo tusiisingizie dawa. Mtoto mwenye homa ya virusi aweza kutoka vipele hata kama hakunywa kitu, na surua bado ipo. Wazee wakumbuka klorokwini ilivyowawasha mwili mzima bila kipele hata kimoja. Hilo lilikuwa jambo jingine. Katika nchi zenye vipimo, kati ya watu kumi waitwao maadui wa penisilini, yapata tisa huonekana hawana neno nayo. Anayesingizia hujinyima dawa njema na ya bei rahisi siku atakapoihitaji. Naye anayetumia dawa za kifua kikuu au za virusi asiziache kwa shauri lake mwenyewe: aende kwa tabibu siku ile ile vipele vitokapo.

Lipi basi lifanyike nyumbani? Jina la dawa, siku ilipoanza na siku vipele vilipotokea viandikwe katika daftari la kliniki. Asiyejua kuandika asitupe ganda la vidonge. Alikunje, aliweke pamoja na daftari lile, na alichukue kila aendapo zahanati.