Somo la 9: Kwa Mamlaka Gani?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Juma Hili: Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Warumi 11:16-18, Kutoka 20:16, Mathayo 16:13-19, Marko 7:1-13, Matendo 17:10-12, 1 Wathesalonike 4:13-18.

Fungu la Kukariri: Matendo 17:11. Likariri kutoka katika Biblia yako mwenyewe.

Nikiwa kijana mwenye diploma mpya ya theolojia, nilisimama katika mahubiri ya hadhara nikasema kwamba Wakatoliki wanamwabudu Maria, na kwamba wanaamini Papa hawezi kutenda dhambi. Watu wakaitikia, "Amina!" Sikujua kwamba shemeji yangu, katekista wa kigango, alikuwa amesimama nyuma gizani.

Kesho yake alikuja nyumbani. Hakugomba. Alisema tu, "Shemeji, jana umenisemea mambo nisiyoyaamini. Nani amekuambia?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeyasikia kwa mhubiri mwingine, naye pengine aliyasikia kwa mwingine.

Swali la shemeji ndilo somo letu. Sisi Waadventista huwauliza majirani zetu: mnaamini hivyo kwa mamlaka ya nani? Ni swali jema. Hata Bwana wetu aliulizwa (Mathayo 21:23). Lakini anayeuliza sharti awe tayari kuulizwa. Juma hili tutajifunza Kanisa Katoliki linafundisha nini hasa, linasimama juu ya mamlaka gani, na sisi wenyewe tunasimama wapi.

JUMAPILI: Shina Moja

Soma Kumbukumbu la Torati 6:4-5 na Warumi 11:16-18. Paulo anawaonya nini waumini wa mataifa kuhusu shina linalowachukua?

Hapa Mlola ukoo mmoja waweza kuwa na Mwislamu, Mkatoliki, Mlutheri na Mwadventista, na wote wakala ugali wa sufuria moja. Uislamu ulipanda milima ya Usambara kutoka pwani kwa njia za biashara. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891. Watawa Wakatoliki wa shirika la Watrapisti walianza Gare mwaka 1897. Ujumbe wetu ulianzia Giti, Upare, ng'ambo ya bonde la Mkomazi, mwaka 1903. Kwa hiyo sisi si wa kwanza kumtaja Mungu mmoja katika milima hii.

Wayahudi, Wakristo na Waislamu wote humkiri Mungu mmoja, Muumba, na wote humheshimu Ibrahimu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa Kanisa Katoliki ulitoa tamko juu ya jambo hili mwaka 1965, ukiwataja Waislamu kwa heshima kama watu wanaomwabudu Mungu mmoja, na ukikataza kuwalaumu Wayahudi wote kwa kifo cha Yesu.

Lugha yetu nayo inashuhudia. Mara nyingi tunaulizwa, "Mbona mnasali Jumamosi na kuiita siku ya saba, wakati jina lake lenyewe ni mosi?" Hesabu vidole. Jumatano ni ya tano kwa hesabu ya Kiswahili, inayoanza baada ya Ijumaa. Siku inayofuata ingekuwa ya sita, lakini tunaiita Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya "ya tano". Juma letu lina siku mbili za tano, kwa sababu hesabu mbili zimekutana. Katika hesabu ya Kiarabu siku ya kwanza ni Jumapili, na Jumamosi huitwa as-sabt, neno ndugu wa Sabato ya Kiebrania. Katika Kilatini cha Kanisa Katoliki pia Jumamosi ni Sabbatum. Msikiti, kanisa na sinagogi havibishani juu ya siku ya saba ni ipi. Tofauti iko kwingine.

Tafakari: Je, kujua kwamba tunashiriki shina kunabadilishaje namna unavyomsalimu jirani wa imani nyingine?

JUMATATU: Jirani Yetu Anaamini Nini?

Soma Kutoka 20:16. Je, amri hii inahusu pia tunayosema juu ya imani ya wengine?

Tunaitetea amri ya nne kwa nguvu. Amri ya tisa nayo ni ya Mungu yuleyule. Basi tumweleze jirani kwa namna ambayo yeye mwenyewe angesema, "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini."

Mkatoliki anaamini Mungu mmoja katika nafsi tatu. Kwamba Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli, alizaliwa na bikira, alisulubiwa, akafufuka, na atarudi kuhukumu. Na kwamba wafu watafufuliwa. Katika haya tunasimama naye.

Anaamini pia sakramenti saba: Ubatizo, Kipaimara, Ekaristi, Kitubio, Mpako wa Wagonjwa, Daraja na Ndoa. Anaamini kwamba katika Misa mkate na divai hugeuka kweli kuwa Mwili na Damu ya Kristo. Anaamini toharani, hali ya kutakaswa baada ya kifo kwa wale waliokufa katika urafiki na Mungu lakini hawajawa safi kabisa.

Kuhusu Maria, Kanisa Katoliki hufundisha kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Watakatifu hupewa heshima, na Maria heshima ya pekee, naye huombwa atuombee. Hapo shemeji alikuwa na haki ya kunilaumu. Bado tunalo swali la kweli la kumwuliza: ikiwa mpatanishi ni mmoja (1 Timotheo 2:5), kwa nini tupitie kwa mwingine? Lakini sasa tunauliza juu ya anachoamini, si juu ya tulichomzushia.

JUMANNE: Nguzo Tatu

Soma Mathayo 16:13-19, kisha 1 Petro 2:4-8 na Wagalatia 2:11-14. Petro mwenyewe anasema jiwe ni nani?

Mamlaka katika Kanisa Katoliki ina nguzo tatu zinazoshikamana: Maandiko Matakatifu, Mapokeo Matakatifu kutoka kwa mitume, na mamlaka ya kufundisha ya maaskofu pamoja na Papa, anayehesabiwa kuwa mwandamizi wa Petro. Wakatoliki hutumia Mathayo 16, na pia 2 Wathesalonike 2:15, ambapo Paulo anataja mapokeo ya maneno na ya waraka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema kwamba mamlaka hiyo haiko juu ya Neno la Mungu, bali inalitumikia.

Mwaka 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitangaza fundisho la kutokosea kwa Papa. Maana yake si kwamba Papa hatendi dhambi. Yeye naye huenda kuungama. Maana yake ni kwamba hawezi kukosea anapotangaza rasmi, kwa Kanisa lote, fundisho la imani au maadili. Tangu hapo mamlaka hiyo imetumika waziwazi mwaka 1950, Papa Pius wa Kumi na Mbili alipotangaza Kupalizwa Maria mbinguni.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Hatuoni katika Maandiko tangazo la Kupalizwa Maria. Mkatoliki hujibu kwamba Kanisa limelipokea na kulithibitisha. Kwa Jumapili ni vivyo hivyo: Kanisa Katoliki halidai kwamba ndiyo siku ya saba. Hufundisha kwamba Wakristo huadhimisha siku ya kwanza kwa sababu ya ufufuo, na kwamba Kanisa lina mamlaka ya kuiagiza. Kwa hiyo, kabla ya kujadili siku, swali ni nani mwenye neno la mwisho. Katika Marko 7:1-13 Yesu hakatai kila pokeo. Anakataa pokeo linalotangua amri ya Mungu.

JUMATANO: Na Sisi Je?

Soma Matendo 15:6-29 na 17:10-12. Watu wa Beroya walimpima nani, na walisifiwa kwa nini?

Tusijidanganye kwamba sisi hatuna mamlaka ya kanisa. Tuna Konferensi Kuu inayokutana na kupiga kura. Tuna Kanuni ya Kanisa. Tuna maandiko ya Ellen White. Mwaka 1980 wajumbe walikubali misingi 27 ya imani. Mwaka 2005 ukaongezwa mmoja, ikawa 28. Mwaka 2015 maneno ya baadhi yakarekebishwa. Kanisa la mitume nalo lilikutana Yerusalemu na kuamua.

Tofauti ni hii: utangulizi wa misingi yetu unakiri kwamba Biblia peke yake ndiyo kanuni yetu ya imani, na kwamba maelezo yetu yanaweza kurekebishwa Roho anapotuongoza kuielewa kweli zaidi. Tumekubali kupimwa.

Lakini kukubali kwenye karatasi si kupimwa. Muulize mshiriki kwa nini anaitunza Sabato. Akijibu, "Mchungaji alisema," au "Lesoni imesema," hajasimama juu ya Maandiko. Amejenga nguzo ya tatu bila kujua. Beroya walimpima hata Paulo, naye hakukasirika. Basi lipime na somo hili.

Tafakari: Taja fundisho moja unaloliamini sana. Je, waweza kulieleza kwa Biblia peke yake, bila kutaja mhubiri wala kitabu kingine?

ALHAMISI: Msibani

Soma Mhubiri 9:5-6; Yohana 11:11-14; 1 Wathesalonike 4:13-18.

Mama mkwe wangu alifariki akiwa Mkatoliki, na Misa ya mazishi ilipangwa siku ya Jumamosi. Majirani Waislamu walichimba kaburi. Mimi na mke wangu tulikwenda. Tuliketi pamoja na familia, hatukupokea komunyo, na ilipofika sala ya kumwombea marehemu tukanyamaza, tukawaombea wafiwa. Baadhi ya ndugu kanisani walisema hatukupaswa kwenda kabisa.

Jioni shemeji aliniuliza, macho mekundu, "Shemeji, hukumwombea mama?" Mkatoliki huwaombea wafu, Mwislamu husoma dua, na sisi tunabaki kimya kama watu wasiojali. Nilimfungulia Yohana 11. Nikamwambia kwamba Mama amelala, Yesu anajua kaburi lake, na hahitaji kitu kutoka kwetu hata asubuhi ya ufufuo.

Naye akafungua Biblia yake, 2 Wamakabayo 12:43-46, habari za kuwaombea waliokufa vitani. Nikasema kitabu hicho hakimo katika Biblia yangu. Akauliza, "Nani amekuambia kwamba vitabu ni 66, si 73?" Swali lilelile! Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nilimwonyesha Luka 24:44 na Warumi 3:2: Yesu aliyataja Maandiko katika mafungu yaliyojulikana kwa Wayahudi, nao ndio waliokabidhiwa mausia ya Mungu, na vitabu hivyo saba havimo katika Maandiko ya Kiebrania yanayotumiwa na Wayahudi hadi leo.

Alinyamaza, kisha akasema, "Nimekuelewa, shemeji, ingawa sijakubali." Usiku ule nilimwomba radhi kwa yale niliyosema miaka ile hadharani. Tulikesha pamoja kando ya moto.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Isaya 8:20. 2 Timotheo 3:14-17. 1 Petro 3:15-16. Angalia kwamba Petro anadai mambo mawili kwa pamoja: kuwa tayari kujibu, na kujibu kwa upole na hofu. Jibu sahihi lililotolewa kwa dharau limevunja nusu ya fungu hilo.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kundi lenu, kila mmoja aeleze fundisho moja la Kikatoliki. Je, Mkatoliki akisikia angekubali kwamba ameelezwa kwa haki?

2. Je, mwandishi alifanya vema kuhudhuria Misa ile siku ya Sabato? Toeni sababu kutoka katika Maandiko, si kutoka katika mazoea ya kanisa lenu.

3. Mfiwa akikuomba umwombee marehemu wake, utamwambia nini ili kweli isifichwe na kidonda chake kisitoneshwe?

4. Ni mapokeo gani katika kanisa lenu ambayo hayamo katika Biblia? Yapi hayana madhara, na yapi yamechukua nafasi ya amri ya Mungu?

5. Juma hili mtembelee jirani mmoja wa imani nyingine. Mwulize anaamini nini, kisha msikilize. Sabato ijayo lieleze kundi ulichojifunza.