Abiria Wasio na Tiketi

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja la elimu ya viumbe kwa Kiswahili. Nimechagua jambo nilionalo kila siku katika kazi yangu hapa Uingereza, ambako natunza tangi la maji ya chumvi katika maabara ya chuo kimoja. Najua ya kuwa wengi wenu mlioko Uganda hamjapata kuiona bahari, lakini msidhani kwamba somo hili haliwahusu. Kabla halijakwisha litafika ukingoni mwa Ziwa Victoria.

Tangi na mawe yake

Tangi langu ni la kioo, nalo huchukua lita 400. Katika kila kilo moja ya maji yake mna gramu 35 hivi za chumvi, kama ilivyo baharini, na joto lake huwa digrii 25. Chini pamepangwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe hayo hukaa matumbawe hai ya rangi nyingi, na samaki huogelea katikati yake. Wenzetu waliofika Mombasa au Tanga na kutembea mwambani maji yakipwa watafahamu upesi ninalosema.

Mawe hayo hayakuwekwa kwa urembo tu. Yana matundu mengi kama sifongo, na ndani ya matundu wamo bakteria wasiohesabika. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa namna moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti hiyo kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Mwani hula sehemu ya nitreti, na iliyobaki twaiondoa kwa kubadilisha maji. Pasipo makao ya bakteria hao, samaki hufa.

Lakini jiwe likitolewa baharini halitoki peke yake. Lori liendalo mnadani huchukua watu waliodandia nyuma bila dereva kuwa na habari; na jiwe ni vivyo hivyo. Ndani ya matundu yake husafiri minyoo, kaa, kamba, konokono, mwani, na mayai ya viumbe tusivyovijua. Hao ndio niwaitao abiria wasio na tiketi. Mtunzaji huamka siku moja akaona mnyama ambaye hakumnunua wala hakumwalika. Basi afanyeje?

Kumjua kwanza

Watu wengi wakimwona mgeni mwenye sura mbaya humwua papo hapo. Jambo hilo halifai, maana wengi katika abiria hawa hufanya kazi ya bure. Mimi hushika maswali manne, na majibu yake huyaandika katika daftari pamoja na tarehe.

La kwanza: Umbo lake ni lipi? Hesabu miguu, papasi za kichwani na makucha. Tumia lenzi, na upime urefu wake kwa rula.

La pili: Hutoka saa ngapi? Wengi hutembea usiku. Funika tochi kwa karatasi nyekundu ya kupitisha nuru, maana wengi wao hawaioni vema nuru nyekundu, nao hawakimbii.

La tatu: Hula nini hasa? Ukimkuta mnyoo juu ya samaki aliyekufa, usiseme kwamba yeye ndiye aliyemwua. Tai naye hukutwa penye mzoga, wala hakuna mchungaji amshtakiye tai kwamba amemwua ng'ombe. Hapana budi umwone kwa macho yako akila kilicho hai.

La nne: Je, idadi yake yaongezeka? Kiumbe hakizidi pasipo chakula. Kama wanazidi, labda samaki wanapewa chakula kingi kuliko wawezavyo kula, na mabaki yake hulala katika mawe.

Jiwe jipya halifai kutiwa katika tangi kubwa siku ile ile lililofika. Huwekwa kwanza katika ndoo au tangi dogo lenye maji ya chumvi, joto na mwendo wa maji, kwa majuma kadhaa. Huko ndiko abiria hukaguliwa. Sumu yenye shaba ndani yake, ambayo hutumika kuponya samaki wagonjwa, isitiwe kabisa penye mawe, kwa kuwa huua kaa, kamba, konokono na matumbawe pamoja.

Wafanyakazi

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako wageni wa tangi ambao huja na jembe lao mkononi.

Mnyoo wa manyoya ndiye achukiwaye kuliko wote, naye hafanani na mhalifu ila kwa sura. Ana pingili nyingi kama tandu, na kila upande wa mwili una mafungu ya manyoya meupe. Wengi wa jamii yake hula mabaki ya chakula na wanyama waliokufa, wakapita mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Chakula cha samaki kikipunguzwa, nao hupungua wenyewe. Ila usimshike kwa vidole vitupu. Manyoya yake hukatika ndani ya ngozi na kuwasha kama upupu. Huondolewa kwa kubandika utepe wa gundi na kuubandua.

Wafanyakazi wengine ni vijidudu vidogo virukavyo mfano wa viroboto, ambavyo hula uchafu navyo huliwa na samaki. Konokono wadogo wa kukwangua mwani. Na viti vya pweza wembamba wenye mikono kama nyoka, ambao hufagia mchanga usiku. Hao waachwe.

Wasumbufu

Msumbufu mkubwa ni anemoni ndogo iitwayo Aiptasia. Ni mnyama, ingawa umbo lake ni la ua: shina laini la rangi ya hudhurungi, na juu mikono mirefu myembamba iumayo kwa sumu. Huwachoma matumbawe jirani mpaka yakanywea. Asiyeijua huikata kwa kisu, na hapo ndipo taabu huanza, kwa sababu kipande kidogo cha nyayo yake kikibaki juu ya jiwe huota kuwa mnyama mpya. Ni sawa na mkulima apalilaye sandukuli kwa kulikatakata na kuviacha vipande udongoni.

Dawa yake ni kuichoma mdomoni kwa bomba la sindano lenye maji mazito ya chokaa, au kumtafutia adui wake. Wako kamba wa jamii ya Lysmata walao anemoni hiyo. Yuko pia konokono mdogo asiye na gamba, jina lake Berghia, ambaye hana chakula kingine duniani ila Aiptasia. Akiisha kuzimaliza hufa kwa njaa, kwa hiyo watunzaji humpitisha kutoka tangi hili hadi lile.

Kaa nao wahukumiwe kwa makucha. Kaa ambaye ncha za makucha yake ni kama kijiko kwa kawaida hukwangua mwani. Mwenye makucha manene yenye ncha nyeusi, na mwili wa manyoya, mara nyingi hula konokono na matumbawe. Hutegwa kwa chupa iliyolazwa yenye kipande cha samaki ndani.

Wakali

Mwaka jana tulianza kusikia mlio usiku, "ta! ta!", kana kwamba mtu anagonga kioo kwa sarafu. Asubuhi tukakuta magamba ya konokono yamepasuliwa. Tulifuata mlio mpaka tukalijua jiwe lenyewe, tukalitia katika ndoo, kisha tukapuliza maji ya soda yasiyo na sukari katika tundu lake. Gesi ya maji hayo humkosesha mnyama pumzi. Akatoka kamba mwenye urefu wa kidole, macho yake yamesimama juu ya vijiti, na mikono amekunja kifuani kama mtu anayesali.

Huyo ni kamba mpiganaji. Katika jamii yake yuko mmoja mkubwa, Odontodactylus scyllarus, ambaye aishi hata katika pwani ya Afrika Mashariki. Wataalamu walimpima mwaka 2004, wakaona rungu lake laweza kwenda kwa kasi ya mita 23 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Wetu hatukumwua. Anakaa peke yake katika tangi dogo, na wanafunzi huja kumtazama kuliko wawatazamavyo samaki.

Mkali zaidi ni mnyoo Eunice aphroditois. Mwaka 2009, katika nyumba ya samaki ya Blue Reef huko Newquay, upande wa Cornwall, watunzaji waliona matumbawe yakikatwa na samaki wakijeruhiwa, wala hawakumwona mwizi. Waliweka mitego, nayo ikaharibiwa usiku. Mwishowe wakalibomoa jabali jiwe kwa jiwe, na ndani wakamkuta mnyoo mwenye urefu wa mita 1 na zaidi. Walidhani ya kuwa aliingia akiwa mdogo pamoja na matumbawe. Mwaka huo huo huko Shirahama, Japani, alipatikana mwingine katika boya la chelezo cha bandarini: urefu wake sentimita 299, pingili zake 673. Mnyoo huyu hutambulikana kwa papasi tano za kichwani na taya ngumu. Asichanganywe na yule maskini wa manyoya.

Mkono wako mwenyewe

Hapa naomba msome kwa makini. Wako wanyama wadogo wafananao na vifungo vya shati, wakaao kwa makundi juu ya mawe, jina lao Palythoa. Baadhi yao wana sumu iitwayo palitoksini, miongoni mwa sumu kali zijulikanazo duniani. Ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971, kutoka kwa wanyama wa Hawaii. Mtu akilichemsha jiwe ili awaue abiria wote, au akilisugua kwa nguvu, sumu hupanda hewani pamoja na mvuke. Mwaka 2018, katika kijiji cha Steventon, Uingereza, jamaa nzima ilipelekwa hospitali baada ya matumbawe kusafishwa nyumbani. Basi jiwe la matumbawe halichemshwi kamwe. Vaeni glavu na miwani, wala mwenye kidonda asitie mkono.

Kutoka tangini hadi ziwani

Abiria akiisha kushikwa, apelekwe wapi? Mwingine husema, "Ni kiumbe cha Mungu, nitamrudisha majini." Lakini maji gani? Mwaka 1984 kipande cha mwani wa matangi, Caulerpa taxifolia, kilionekana baharini huko Monaco. Baadaye kikaenea katika pwani za Ufaransa, Italia na Hispania, kikafunika malisho ya samaki. Mwani huo huo ulipoonekana karibu na San Diego, Marekani, mwaka 2000, wakubwa wa huko hawakungoja. Waliufunika kwa turubai na kutia klorini chini yake, na mwaka 2006 walitangaza kwamba umekwisha. Gharama yake ilipita dola milioni 7.

Sisi tuna ushahidi ulio karibu zaidi. Gugu maji ni mmea wa Amerika ya Kusini, uliochukuliwa nchi hata nchi kwa ajili ya maua yake mazuri, ukawekwa katika vidimbwi vya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionekana katika maziwa ya Uganda. Mengi yaliteremka kwa mto Kagera mpaka Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1990 mitumbwi ilishindwa kupita, na nyavu zikanasa. Zikaletwa aina mbili za fukusi walao gugu hilo, nao walisaidia sana, lakini hata leo hurudi mara kwa mara katika ghuba. Mtu wa kwanza aliyelitia dimbwini hakuwa mwovu. Alipenda ua, wala hakuuliza maswali manne.

Kwa hiyo kiumbe cha tangi hakitupwi mtoni, ziwani, baharini wala mtaroni. Apewe mtunzaji mwingine, au auawe kwa kugandishwa, na maji yake yatiwe klorini kabla ya kumwagwa.

Kazi ya darasa

Mwombeni mwalimu wenu atie shina moja la mmea wa dimbwini katika chupa kubwa ya kioo. Mtumie glavu na viatu vya mpira, maana konokono wengine wa maji yetu hubeba kichocho, na maji yale yasiguse ngozi. Kisha mjibu:

1. Ni abiria wa aina ngapi walioshuka kutoka katika shina hilo kwa siku saba? Wachoreni na kuwapima.
2. Ni nani mliyemwona akila, na alikula nini? Tengeni mliyoyaona na mliyoyadhani.
3. Kwa nini kukata Aiptasia huiongeza, na kumkata samaki humwua?
4. Fukusi walipoletwa kula gugu maji, wataalamu walihitaji kujua nini kwanza juu yao? Linganisheni na habari za Berghia.

Atakayejibu vema swali la nne ampelekee mhariri majibu yake. Nami nitayasoma kwa furaha.