KUSHONA BLAUZI YA KUPISHANA KWA KITAMBAA CHA FULANA

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, ndivyo walivyosema wahenga. Katika Mji wa Kale wa Mombasa maneno hayo hukumbukwa sana siku za Idd na za arusi, wakati kila mwanamke apendapo kutoka na nguo iliyomkaa sawasawa. Mwenye cherehani nyumbani hana haja ya kuazima. Aweza kujishonea blauzi ya kupishana, ambayo upande mmoja wa mbele hulala juu ya mwingine, kisha hufungwa kiunoni kwa mikanda.

Umbo hili si geni kwa watu wa Pwani, kwa maana leso nayo hukaa mwilini kwa kupishana. Tofauti iko katika kitambaa. Leso hufumwa kwa nyuzi zinazokatana, nayo haivutiki. Kitambaa cha fulana hufumwa kwa vitanzi vidogo vinavyoshikana, kama sweta, nacho huvutika na kurudi. Kwa sababu hiyo kinafuata mwili bila vifungo. Mwaka 1974 Diane von Furstenberg alilipatia sifa kubwa huko Marekani gauni la kupishana lililoshonwa kwa kitambaa cha namna hii. Lakini wema huo wa kuvutika ndio pia unaoharibu kazi ya mshonaji mwenye haraka.

KUCHAGUA KITAMBAA

Wanawake wengi wa Mombasa hununua nguo Biashara Street, mtaa wenye duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887 na kujulikana kwa leso zake. Kwa joto la kisiwani yafaa kitambaa chepesi chenye pamba. Mnunuzi na ashike sentimita 10 za kitambaa na kukivuta kwa upana: kikifika sentimita 13 au zaidi, kisha kikarudi kama kilivyokuwa, chafaa. Kisiporudi, na akiache, kwani blauzi yake italegea kabla karamu haijaisha. Mita 2 zenye upana wa sentimita 150 zatosha blauzi ya mikono mirefu kwa watu wengi.

Kabla ya kukatwa, kitambaa hufuliwa na kuanikwa kikiwa kimelazwa, ili kama ni cha kurudi kirudi sasa, si baada ya kushonwa.

KUPIMA NA KUKATA

Vipande vichorwe kwanza juu ya karatasi. Tuseme kifua ni sentimita 92 na kiuno ni 76. Mgongo hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa mara mbili: sentimita 23 kifuani na 19 kiunoni, pamoja na sentimita 1 ya mshono. Vipande vya mbele ni viwili, na kila kimoja hutoka ubavu mmoja hadi ubavu wa pili. Kwa hiyo chini kila kimoja kina sentimita 38. Kutoka begani ukingo wake hushuka mshazari hadi ubavu wa upande mwingine. Mikono yaweza kupimwa kwa fulana inayomkaa vema mshonaji.

Vipande vyote vilazwe hivi kwamba upande unaovutika zaidi uzunguke mwili. Kitambaa kisining'inie mezani wakati wa kukatwa, kwani uzito wake hukivuta na vipimo vyote hupotea.

KUSHONA

Sindano iwe ya ncha ya mviringo, ambayo husukuma vitanzi kando bila kuvikata. Uzi wa poliesta hustahimili kuvutwa kuliko wa pamba. Cherehani yenye mshono wa meno ya msumeno ndiyo bora. Ile ya mstari mmoja nayo yafaa, iwapo kitambaa kitavutwa kidogo tu kinapopita chini ya sindano. Mshono ujaribiwe kwanza juu ya kibaki: ukivutwa na uzi ukakatika, haujafaa.

Mabega hushonwa pamoja na utepe mwembamba wa pamba ili yasirefuke. Kisha huja ukingo wa shingo, nao ndio roho ya kazi hii. Kwa kuwa umekatwa mshazari, hulegea upesi, na ukilegea kifua huachama mbele za watu. Basi mshonaji na aupime ukingo huo juu ya karatasi, si juu ya kitambaa, kisha akate ukanda wa kitambaa kile kile. Kwa kila sentimita 20 za ukingo, ukanda upungue sentimita 1. Ukanda hupigwa bandi kwa mkono, upungufu ukigawanywa sawa, ndipo hutiwa cherehanini.

Baada ya mikono kuunganishwa, mbavu hushonwa, na katika ubavu wa kulia huachwa tundu la sentimita 4. Upande wa kushoto hulala ndani, na mkanda wake wa sentimita 90 hutokea tunduni na kuzunguka mgongo. Upande wa kulia hulala juu, na mkanda wake wa sentimita 50 hukutana na wenzake ubavuni kushoto. Pindo hushonwa mwisho. Pasi na iwekwe na kuinuliwa, wala isiburutwe.

KUIJARIBU

Blauzi isivaliwe siku ya shughuli bila kujaribiwa. Mwenyewe na akae, ainame, na ainue mikono kama mtu anayepakua pilau. Kifua kikiachama, kifungo kidogo cha kubana kishonwe kwa ndani pale pande zinapopishana. Kazi hiyo ni ya dakika chache, nayo itamwezesha kukaa na wenziwe tangu alasiri hadi usiku asishike nguo yake hata mara moja.