Ukuta wa nyumba ya kupanga ukitoa maji, nani atengeneze?

Masika yakishika, wapangaji wengi wa Dar es Salaam na Tanga hukuta rangi imevimba na kubanduka, godoro linanuka uvundo, na ukungu mweusi umetanda nyuma ya kabati. Mwenye nyumba akiambiwa, huleta ndoo ya rangi. Rangi haikaushi ukuta, na mtoto anaendelea kukohoa. Katika mwongozo wake wa mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu wamo katika hatari zaidi ya kupata maradhi ya kupumua, ikiwemo pumu.

Wengi huvumilia kwa kudhani kwamba mkataba usiotaja matengenezo hauwapi pa kushika. Si kweli. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamfunga mwenye nyumba kwa ahadi ambazo huenda hazikuandikwa popote: nyumba au chumba kiwe kinafaa kuishi binadamu siku unapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Ukiwa umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na za nje, pamoja na mifereji mikuu, ni juu yake kuvitunza.

Shauri lote, basi, linategemea maji yanakotoka. Unyevu unaopanda kutoka chini, ukaacha unga mweupe wa chumvi ukutani, mara nyingi ni kasoro ya msingi. Doa linalokua kila mvua inaponyesha ni paa au ufa. Lakini ukipika na kuanika nguo ndani huku madirisha yamefungwa, mvuke huo ni wako, na mwenye nyumba atakuwa na la kujitetea. (Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua kwa hewa yake, hilo halisubiri sheria.)

Kuna kipimo rahisi. Futa ukuta ukauke, bandika kipande cha nailoni, uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, kisha subiri siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, yanatoka hewani. Piga picha zenye tarehe.

Kisha mwandikie mwenye nyumba barua, hata kama mnaheshimiana na mnasalimiana kila asubuhi. Taja kasoro na muda unaompa, abaki na nakala, nawe ubaki na yako yenye saini yake. Akinyamaza, mwite afisa afya wa kata aje akague, maana Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inashughulikia majengo yanayohatarisha afya. Baraza la Kata husuluhisha. Likishindwa, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ukiwa na barua, picha na vyeti vya hospitali.

Usiache kulipa kodi kwa hasira. Utampa sababu ya kukutoa, na kesi itageuka kuwa ya deni lako.

Na wewe unayetafuta chumba sasa, usimwache dalali akuharakishe. Sogeza kabati, papasa kuta za chini, angalia dari. Mkataba ukisema umeipokea nyumba “kama ilivyo”, dai maneno hayo yafutwe kabla hujatoa kodi ya miezi sita.