Zijue Uniti Zako: Kuchambua Manunuzi ya LUKU kwa Jedwali



Mtumiaji anayesema "uniti zinaisha haraka" huenda ana hoja ya msingi, lakini hoja isiyo na takwimu ni vigumu kuithibitisha. Takwimu hizo anazo mwenyewe: kila ununuzi wa LUKU huacha ujumbe wa simu au risiti yenye tarehe, kiasi kilicholipwa, makato na uniti. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuzichambua kwa programu ya majedwali, kama vile Excel, kwenye kompyuta au simu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kaya moja katika kata ya Mkula, Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Kaya hiyo ipo kundi la D1, la watumiaji wadogo wa majumbani. Katika agizo la bei la EWURA la mwaka 2016, kundi hili lilipangiwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, uniti ya shilingi 100 hufikia shilingi 122. Unapofanya hesabu zako, tumia viwango vilivyomo kwenye risiti yako.

Hatua ya 1: Andika kwa usafi. Ununuzi mmoja uwe mstari mmoja. Safu A iwe tarehe, B kiasi ulicholipa, C kodi ya jengo au deni, D uniti. Andika 3000, si "Sh. 3,000/="; ukichanganya herufi na tarakimu, programu huona maneno na haitajumlisha.

Tarehe 2: 3000, 1500, 12.3
Tarehe 11: 2000, 0, 16.4
Tarehe 20: 5000, 0, 41

Hatua ya 2: Tazama kabla ya kukokotoa. Fomula =MIN(D2:D4) na =MAX(D2:D4) hutoa uniti chache zaidi na nyingi zaidi. Ukiona 410 badala ya 41, umekosea kuandika.

Hatua ya 3: Tafuta bei ya kila ununuzi. Katika E2 andika =B2/D2, kisha iburute hadi E4. Utapata takriban 244, 122 na 122. Wastani wake, =AVERAGE(E2:E4), ni takriban 163. Mtu akiishia hapa ataamini kuwa anatozwa kupita kiasi.

Hatua ya 4: Tenga makato. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU, na fedha hiyo hainunui umeme. Andika =(SUM(B2:B4)-SUM(C2:C4))/SUM(D2:D4). Jibu ni takriban 122, yaani bei sahihi. Tumegawanya jumla kwa jumla, kwa kuwa wastani wa bei huupa ununuzi mdogo uzito sawa na mkubwa.

Hatua ya 5: Angalia jumla ya mwezi. =SUM(D2:D4) hutoa 69.7, zimebaki uniti 5.3 kufikia 75. Kaya hii ikinunua tena umeme wa shilingi 2,000 mwezi huohuo, itapata takriban uniti 8.5 badala ya 16.4, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha itatozwa bei ya juu.

Tahadhari moja: uniti ulizonunua si lazima ziwe umezitumia. Msimu wa kuuza pamba, kaya inaweza kununua umeme wa kutosha miezi miwili. Ili kujua matumizi halisi, soma salio la mita siku ileile kila wiki na uliandike katika safu F. Chukua salio la wiki iliyopita, ongeza uniti ulizoingiza, kisha toa salio la sasa.

Iwapo baada ya hatua hizi bei haiwiani na viwango, au salio linashuka bila sababu, wasilisha jedwali na risiti zako katika ofisi ya TANESCO iliyo karibu, na uombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, fikisha lalamiko lako EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, litakusaidia bila malipo. Lalamiko lenye tarehe na hesabu humwezesha anayelishughulikia kuanza na ukweli ulio mbele yake.