KUTOGA PUA KATIKA UTU UZIMA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa mambo ambayo sisi watu wa mwambao huyahukumu kwa mazowea bila ya kuyapima kwa mizani ya sheria, ni mapambo ya mwili. Huyu husema, “Haramu,” kwa kuwa hakumuona mamake akiyafanya. Na yule husema, “Halali,” kwa kuwa bibi yake aliyafanya. Wote wawili wameyageuza mazowea kuwa ndiyo dalili. Suali lililoletwa katika darasa letu ni la namna hii, na jawabu yake twaiandika hapa ili wengine nao wafaidike.

Suali lenyewe ni hili: Mwanamke mjane wa miaka 47, aliyekwisha eda yake na mwenye wajukuu, ataka kutoga pua avae kipini cha dhahabu. Wanawe wamemkataza. Wasema ni aibu kwa mtu wa makamo yake, na tena ni kubadili umbile la Mungu. Mmoja wao ameapa kwamba mamake akitoga, hatakanyaga nyumbani kwake. Je, mama huyu ana ruhusa ya kutoga? Na wanawe, je, wana haki ya kumzuia?

Twajibu, na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu:

1. Asili ya pambo. Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu awakanya wale wanaoharamisha pambo alilowatolea waja wake. Basi asili ya pambo ni halali, na anayedai kuwa ni haramu ndiye anayetakiwa kuleta dalili. Na katika hadithi sahihi ya Ibn Abbas, Mtume (S.A.W.) aliwawaidhia wanawake siku ya Idi akawahimiza kutoa sadaka, nao wakawa wavua vipuli na pete zao wakivitia katika nguo ya Bilal. Mtume aliyaona hayo, wala hakuwakanya kwa kutoga masikio. Naye hakuwa mwenye kunyamazia munkari.

2. Khitilafu juu ya pua. Lau tungesema kwamba wanavyuoni wote wamekubaliana, tungekuwa hatukusema kweli. Imamu Ghazali (aliyefariki 505 Hijria) alikaza sana, hata kutoga masikio ya mtoto wa kike hakukuridhia. Kwani kwake yeye hilo ni jeraha lenye kuumiza bila ya haja, na bangili na mfano wake zatosha. Ibn Hajar al-Haytami, naye ni tegemeo kubwa katika madhehebu yetu ya Shafii, aliona kuwa kutoga pua ni haramu. Lakini tutazame sababu aliyoitoa: alisema pambo la pua halijulikani ila kwa watu wachache, kinyume na pambo la masikio. Na Ibn Abidin wa Damascus, katika Mahanafi, alisema kuwa penye nchi ambayo wanawake wake hujipamba kwa pua, hukumu yake ni kama ya masikio.

Mwenye kuzingatia ataona kwamba wawili hawa wa mwisho wamejenga hukumu zao juu ya ada ya watu. Na hukumu iliyojengwa juu ya ada hugeuka kwa kugeuka ada. Hapa kwetu, kipini na hazama ni mapambo ya wanawake yaliyokuwa yakijulikana tangu enzi za mabibi zetu, wala hayakuletwa jana. Kwa hivyo twaona kwamba kutoga pua kwa mwanamke wa mwambao ni jambo la ruhusa. Wala hatumlaumu mwenye kushika kauli ya Ibn Hajar akajizuia. Huyo amechukua njia ya hadhari. Lakini naye asimwite mwenzake fasiki.

Ama kutoga nyusi, mdomo au ulimi, hayo hayana ada kwetu wala haja, nasi hatuyaoni kuwa ni ya ruhusa. Na mwanamume kutoga na kuvaa vipuli au vipini ni kujifananisha na wanawake, na jambo hilo Mtume (S.A.W.) amelilaani.

3. Kubadili umbile. Wana wa mama huyu wametaja neno lililomo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 119, kwamba Shetani ameahidi kuwaamrisha watu wabadili umbile la Mungu. Neno hili ni zito, wala halitupwi ovyo. Lau kila tundu lingekuwa ndiko kubadili umbile kulikokatazwa, basi na masikio ya wake zao na binti zao yangeingia. Mbona hayo hawakuyakataza? Lililolaaniwa kwa jina lake ni kuchanja mwili na kuutia rangi hata ukawa na alama zisizotoka. Na kutoga hakuitwi hivyo. Mwenye kutumia dalili juu ya jambo asilolipenda, akaiacha juu ya lile alilolizoea, hiyo si dalili bali ni matamanio.

4. Umri. Hatukupata katika sheria mahali palipowekwa mpaka wa miaka, kwamba mwanamke akiufikia ameharamikiwa na pambo. Kilichowekwa ni masharti, nayo ni yale yale kwa kijana na kwa mtu mzima. Lililo wazi ni wakati wa eda: mjane hukaa miezi minne na siku kumi bila ya kujipamba, na mama huyu amekwisha kuitimiza. Na wale wazee ambao hawatumaini kuolewa tena, waliotajwa katika Sura ya An-Nur, aya ya 60, wamepunguziwa mavazi ya nje kwa sharti la kutojionyesha kwa mapambo. Basi mtu mzima asidhani kwamba umri wake umemtoa katika stara. Wala watu wasidhani kwamba umri umemtoa katika uke wake.

5. Mwili ni amana. Lililo halali kwa asili yake laweza kuzuiliwa kwa madhara yake, na hapa ndipo mtu wa makamo apaswapo kuangalia zaidi ya kijana. Mwenye maradhi ya sukari huchelewa kupona jeraha na ni mwepesi wa kuingiwa na vijidudu. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda huweza kutoka damu nyingi. Mwenye ngozi ambayo makovu yake hufura yakawa vinundu, naye ni mtu wa kuogopa. Tena gegedu la pua halifanani na ndewe ya sikio: kupona kwake huchukua miezi. Na sindano iliyotumiwa kwa mwingine yaweza kumletea mtu homa ya ini au virusi vya ukimwi. Basi na amuulize daktari kwanza. Na anayemtoga awe mwanamke, kwa sindano mpya iliyo safi, kwani pambo si dharura ya kumhalalishia mwanamume wa kando kumgusa. Akiambiwa na mjuzi kuwa litamdhuru, jambo limekwisha: haimjuzii.

Tena akumbuke udhu na josho. Pua ni katika uso, na sehemu ya tundu inayoonekana hupaswa kufikiwa na maji. Basi akizungushe kipini chake maji yapite.

6. Nia. Akitaka pambo kwa kuwa nafsi yake yapenda uzuri, hapana lawama. Ama akiwa ameagizwa na mganga kwamba kipini kitamwondolea pepo au jicho la hasidi, basi hilo si pambo tena, bali ni itikadi mbovu ya kutegemea kipande cha madini badala ya Mola wake. Na akitaka kushindana na majirani, au kukopa ili aonekane, hiyo ni israfu na kibri, japo kipini chenyewe ni kidogo kama punje ya mtama.

7. Haki ya mama na haki ya wana. Mwanamke baleghe mwenye akili, asiye na mume, haombi idhini ya wanawe katika pambo la halali. Wao wana haki ya kunasihi kwa upole, si ya kuamrisha. Mwenyezi Mungu amemkataza mtoto hata kuguna mbele ya mzazi. Basi atakuwaje halali kwake kumwambia mamake kuwa ni aibu ya nyumba? Na yule aliyeapa kutokanyaga kwa mamake ameapa kukata udugu. Kiapo hicho hakipasi kutimizwa. Na akivunje, amwendee mamake, na atoe kafara: alishe maskini kumi au awavishe, na asipoweza, afunge siku tatu. Aibu ya kweli katika nyumba ile si tundu la pua. Ni mlango wa mama usiobishwa hodi na mwanawe.

Kwa mama naye tuna nasaha. Haki si lazima itumiwe siku ile ile ipatikanapo. Viko vipini vya kubana visivyohitaji tundu; na avae hicho mwezi mmoja au miwili, aone kama nafsi yake yakitaka kweli, au ni ukiwa wa nyumba baada ya kufiwa ndio unaotafuta jambo jipya. Na asali istikhara, kisha azungumze na wanawe wote kwa pamoja, si kwa kupelekeana maneno. Baada ya hayo, akitoga, ametenda la ruhusa. Na akiacha kwa kutaka mapatano, thawabu yake iko kwa Mola wake. Lakini asiache kwa kuogopeshwa kwa jina la dini jambo ambalo dini haikulisema.

Hii ndiyo rai yetu. Mwenye dalili iliyo na nguvu kuliko hii na atuletee, tutaipokea kwa shukrani. Wallahu a'lam.