SOMO LA MWEZI: UDONGO MWEUSI UNAOPASUKA, NA JINSI YA KUISHI NAO

(Soma kwanza Luka 6:47-49 na Mwanzo 25:24-26)



Kiangazi kilichopita mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi alituita tuone nyumba yake kule Bugarama, mahali anapokodi shamba. Ukuta wa matofali mabichi ulikuwa umepasuka toka dirishani mpaka chini, hata mkono unaingia. Fundi alikuwa ameziba ufa huo mara mbili, na kila kiangazi ulifunguka tena. Maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema fundi alikula saruji, wengine walimnyooshea kidole jirani kwamba ana dawa. Tulipochimba kando ya ukuta tukaona jawabu. Msingi haukufika hata kwenye goti, na ulikuwa umekaa juu ya udongo mweusi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini juu ya udongo huu kuziba peke yake hakutoshi. Ufa unatoka chini. Ndiyo maana tumeona ni vema kujifunza habari za udongo huu, kwa sababu wengi wetu tunakwenda kibarua kwenye mpunga wa Bugarama, wengine wanakodi mashamba, na mafundi wetu wanaitwa huko kujenga.

1. MAPACHA WA MAMA MMOJA

Hapa Kamembe, na ng'ambo kule Bukavu, tumekaa juu ya mawe ya volkano. Si ya Nyiragongo, ile iliyotoa moto Januari 2002 na tena Mei 2021. Haya yetu ni ya zamani zaidi, ni moto uliomwagika mamilioni ya miaka iliyopita ukapoa, ukawa jiwe jeusi zito liitwalo basalti. Mawe ya namna hiyo yanateremka mpaka bonde la Bugarama.

Sasa tazama ajabu. Hapa juu vilimani jiwe hilo likioza linatoa udongo mwekundu. Kule chini bondeni linatoa udongo mweusi. Ni kama mapacha wa Rebeka: tumbo ni moja, lakini mmoja alitoka mwekundu, na tabia zao hazikufanana kamwe.

Sababu ni maji. Vilimani mvua ni nyingi na maji yanapita, yanachukua chokaa na madini mengine, yanabakiza chuma, na chuma ndicho kinachotia wekundu. Bondeni, karibu na mto Rusizi ambapo ni sehemu ya chini kabisa ya Rwanda (mita 950 hivi juu ya bahari), joto ni kali na maji yanatuama. Yale yaliyooshwa vilimani yanakuja kukusanyika huko, na kiangazi kinakausha maji lakini madini yanabaki. Hapo ndipo unapozaliwa udongo wa mfinyanzi mweusi wenye kuvimba. Utaukuta pia katika bonde lote la Rusizi, upande wa Kongo na upande wa Burundi.

2. KWA NINI UNAVIMBA NA KUPASUKA

Wataalamu wanauita vetisoli, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza. Punje zake za mfinyanzi ni ndogo kuliko elfu mbili za milimita (0.002), na zimepangwa kama kurasa za kitabu cha nyimbo. Mvua ikinyesha, maji yanaingia katikati ya kurasa na kitabu kinavimba. Jua likiwaka, maji yanatoka na kitabu kinasinyaa. Udongo mwekundu nao una kurasa, ila zimeshikana na maji hayapiti kati yake. Ndiyo maana hauvimbi sana.

Kutokana na hayo tunaona mambo manne:

(a) Wakati wa kiangazi unafungua nyufa zinazoweza kushuka nusu mita, hata mita nzima.

(b) Udongo wa juu unaanguka ndani ya nyufa. Mvua ikirudi, nyufa zinafunga na udongo ulioingia unasukumwa. Hivyo shamba linajigeuza lenyewe polepole.

(c) Ukichimba shimo utaona chini vipande vyenye nyuso zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Hapo udongo umesuguana na udongo mwenzake wakati wa kuvimba. Ufa umefunga juu, lakini alama yake iko chini.

(d) Mvua za kwanza zinazama haraka kupitia nyufa. Nyufa zikiisha kufunga, maji hayapiti tena, yanasimama juu. Hapo mbu wanapata makao.

3. NDUGU YAKE WA JANGWANI

Wengi wetu tuna jamaa Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 katika nchi kavu ya Turkana, kaskazini mwa Kenya. Mashariki ya Ziwa Turkana, katika Marsabit, kuna jangwa la Chalbi. Limezungukwa na nchi ya volkano: mlima Kulal, vilima vya Huri, na mlima Marsabit wenyewe. Katikati ni uwanda wa mfinyanzi na chumvi, mahali palipokuwa ziwa zamani. Kiangazi unapasuka vipande vipande kama sahani. Mvua ikinyesha siku chache, unakuwa tope ambalo gari haliwezi kutoka.

Kwenye nyanda za volkano za huko kuna jambo jingine. Juu ya ardhi yametandazwa mawe meusi, mtu anadhani ni mawe matupu. Ondoa mawe, utakuta chini yake mfinyanzi ambao karibu hauna mawe kabisa. Upepo wa miaka mingi ulileta vumbi, likapenya kati ya mawe, na udongo ukivimba na kusinyaa unayasukuma mawe yabaki juu. Tena, kwa sababu mvua ni kidogo sana, chokaa na chumvi hazioshwi. Utakuta vijiwe vyeupe vya chokaa chini kidogo, na mara nyingine ganda la chumvi juu.

Funzo kwa walio na bustani katika nchi kavu ni hili: maji mengi bila njia ya kutokea yanapandisha chumvi. Mwaka wa kwanza unavuna, wa tatu majani yanaungua pembeni. Nchi kavu inataka maji ya kipimo, na mfereji wa kuyatoa.

4. JINSI YA KUUTAMBUA

Kabla ya kukodi shamba au kukubali kazi ya kujenga, fanya hivi:

- Lowesha udongo kiganjani, uviringishe uwe kama kamba nyembamba. Ukikunjika kuwa duara bila kukatika, ni mfinyanzi mwingi.

- Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Jaza udongo uliolowa, shindilia, acha ukauke kabisa kivulini. Usukume upande mmoja, pima nafasi iliyobaki. Ikifika vidole viwili au zaidi, usiutumie peke yake kwa matofali wala usijenge juu yake bila maandalizi.

- Uliza wenyeji: "Hapa kiangazi ardhi inafunguka?" Wanajua kuliko kipimo chochote.

5. KULIMA

Ndugu, udongo huu si wa laana. Una chokaa na madini mengi, na unatunza maji muda mrefu mvua ikiisha. Mpunga wa Bugarama ni ushahidi. Ila una saa yake. Ukiwa mkavu, jembe linaruka kama umepiga jiwe. Ukiwa umelowa, unashika jembe na miguu. Lima katikati, baada ya mvua ndogo za kwanza.

Mahali pasipo mpunga, inua matuta na uache mifereji, ili mizizi ya mahindi na maharage isizame majini. Mtama unavumilia zaidi. Usikanyage shamba lililolowa bila sababu. Wala usidanganywe na weusi wake: weusi haumaanishi mbolea nyingi. Mara nyingi chakula cha kukuza majani ni kidogo, kwa hiyo samadi na mabaki ya mimea vinahitajika.

6. KUJENGA NYUMBA NA CHOO

Kwanza, kama kuna kiinuko chenye udongo mwekundu au changarawe karibu, jenga huko, hata kama utatembea zaidi kwenda shambani. Kama hakuna, ondoa udongo mweusi mpaka ufikie ardhi ngumu isiyopasuka, kisha jaza changarawe na ushindilie. Mafundi wa Nairobi, ambako udongo wa namna hii uko sehemu nyingi, huuchimba na kuutoa kabla ya kuweka msingi.

Pili, zuia maji. Kinachovunja ukuta ni upande mmoja kulowa na mwingine kukauka. Weka mfereji wa kupeleka maji ya bati mbali, usiogee wala kufulia kando ya ukuta, na usipande mti mkubwa karibu, maana nao unanyonya maji chini ya msingi.

Tatu, shimo la choo lisiachwe bila kujengewa. Udongo huu ukivimba unasukuma kuta ndani, na mtoto anaweza kuangukia humo. Jengea kwa mawe au matofali yaliyochomwa, na uinue sakafu ili maji ya mvua yasiingie.

Tusiseme ni mambo madogo. Jumapili tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi liliua watu hapa Rusizi na kule Bukavu, na wengine walikuwa ibadani. Tetemeko hatuwezi kulizuia. Lakini ukuta wenye ufa ndio unaotangulia kuanguka, na ufa huo tunaweza kuushughulikia leo.

HITIMISHO

Katika Luka 6 Bwana anasimulia habari za wajenzi wawili. Mafuriko yalikuwa yaleyale kwa wote. Tofauti ni kwamba mmoja alichimba akaenda chini mpaka mwambani. Kuchimba kunachosha na hakuonekani, kuta ndizo watu wanazosifu.

Yule fundi aliyelaumiwa hakuiba saruji. Hakuchimba vya kutosha, na sisi tuliosema maneno hatukuchimba hata kidogo. Tulimwendea kuomba msamaha, yeye na yule jirani, na vijana wa kanisa wakaenda kusaidia kuchimba msingi mpya. Safari hii waliteremka mpaka kwenye changarawe. Katika nyumba zetu, ndoa zetu na kikundi chetu pia kuna nyufa tunazopaka rangi kila mwaka. Tumwombe Mungu atupe nguvu ya kushika jembe na kutazama chini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini jiwe moja linazaa udongo mwekundu Kamembe na mweusi Bugarama?

2. Choo chako kimejengewa ndani? Nani katika kikundi anahitaji msaada kabla ya mvua?

3. Ni nani uliyemlaumu kabla ya kuchimba? Utamwendea lini?